Mwongozo kamili: kupiga tukio la bunduki katika filamu, Lubumbashi, bila kumuumiza mtu wala kuishia mahakamani

Vikundi vya filamu vya hapa Lubumbashi, kwenye komini (wilaya za mji) za Kenya, Katuba na Ruashi, vinaangukia pale pale kila mara. Tukio lina polisi na majambazi, pesa hakuna, na mtu mmoja anamfahamu polisi wa kartie, yaani wa mtaa. Polisi anaombwa aje na kalashi yake, bunduki ya AK, kwa saa mbili. Anafika, anachomoa magazini mbele ya wote, anamkabidhi mwigizaji, na kila mtu anaamini bunduki ni tupu.

Si lazima iwe tupu. Kuchomoa magazini hakuitoi risasi iliyokwisha kuingia chemba, chumba cha risasi kilicho nyuma ya mtutu. Risasi hiyo moja inatosha kuua, na aliyesimama mbele ya mtutu hana namna ya kuiona.

Hatua zote zilizo hapa chini zinasimama juu ya kanuni moja: bunduki inayoweza kufyatua isikanyage uwanja wa filamu. Moto wa mtutu, mlio, mshtuko wa bega, damu, yote mnayotaka mtazamaji aone yanapatikana bila hiyo.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya siku ya kazi

- Bunduki bandia za mpira mgumu, mbao au plastiki, zisizo na mtutu ulio wazi wala sehemu inayoweza kupokea risasi. Seremala mwenye mkono mzuri anachonga kalashi kwa kufuata picha. Ipakeni rangi nyeusi isiyong'aa, kisha sugueni unga wa penseli kwenye kingo. Kwa kamera iliyo mbali kidogo, hakuna atakayejua.
- Sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo mmoja.
- Daftari la silaha, lenye kurasa zilizoandikwa namba kwa mkono ili hakuna wa kuchana ukurasa.
- Nakala za barua zote za ruhusa, ndani ya mfuko wa plastiki.
- Utepe wa kuzuia njia, vizibao vya rangi kali, filimbi na kipaza sauti.
- Sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji pana za kukandamiza jeraha, gari lenye mafuta, na dereva ambaye hana kazi nyingine siku hiyo.
- Kompyuta yenye programu ya kuhariri video, Blender au DaVinci Resolve. Zote mbili zinapatikana bila malipo.

Hatua ya 1: Mteueni msimamizi wa silaha, kwa maandishi

Mtu mmoja. Asiwe mwongozaji, asiwe mwigizaji, asiwe mwenye kushika kamera. Karatasi iandikwe jina lake, siku za kazi na maneno haya: hakuna bunduki, hata ya mbao, itakayotoka sandukuni bila mkono wake, na ana haki ya kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Mtayarishaji atie sahihi, naye atie sahihi.

Sababu tunaijua kutoka New Mexico, Marekani. Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye ranchi ya Bonanza Creek karibu na Santa Fe, mwigizaji Alec Baldwin alikuwa akifanya mazoezi ya kuchomoa bastola kwa ajili ya filamu Rust. Bastola ilikuwa na risasi ya kweli. Ilimuua mpiga picha mkuu Halyna Hutchins, mwenye miaka 42, na kumjeruhi begani mwongozaji Joel Souza. Risasi moja, watu wawili.

Msimamizi wa silaha wa filamu ile, Hannah Gutierrez-Reed, alikuwa pia amepewa kazi ya kusaidia upande wa vifaa vya maigizo. Kazi mbili kwa mtu mmoja. Hilo halikumwokoa mahakamani, lakini nyinyi mnaopanga ratiba lichukueni kwa uzito: mtu anayekimbia kutafuta viti na glasi hawezi kulinda sanduku.

Onyo: msimpe kazi hii kijana mdogo kuliko wote kwa sababu hana la kufanya. Mpeni anayeweza kumwambia mkubwa wake "hapana, papa, tusimame kwanza" na akasikilizwa.

Mmefaulu ikiwa mtu yeyote kwenye uwanja, hata mpishi, akiulizwa nani anasimamia silaha, anataja jina moja bila kufikiri.

Hatua ya 2: Pitieni hadithi na mpunguze bunduki

Someni tukio baada ya tukio. Mara nyingi bunduki inayosikika nyuma ya ukuta inatisha kuliko inayoonekana. Ikiwa jambazi anaweza kuonyesha kitako tu chini ya koti, hiyo ni bunduki moja pungufu ya kuchonga na kulinda. Andikeni orodha ya zilizobaki, kila moja na namba yake.

Hatua ya 3: Ruhusa

Hapa ndipo wengi wanaruka, halafu wanapoteza siku nzima kwenye komisaria, yaani kituo cha polisi.

Silaha na risasi nchini Kongo zinatawaliwa na sheria namba 85/035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Silaha za kivita, na kalashi ni mojawapo, raia hana haki ya kuzishika. Sheria za kijeshi za tarehe 18 Novemba 2002 zinaadhibu kuzimiliki bila haki, na zinaiwezesha mahakama ya kijeshi kumwita raia aliyetenda kosa kwa silaha ya kivita. Kwa hiyo yule mwigizaji aliyekopeshwa kalashi kwa saa mbili anaweza kujikuta mbele ya auditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wa jeshi, hata kama hakuna aliyeumia. Na polisi aliyeikopesha anajiweka pabaya vilevile, maana silaha ile si mali yake. Kumwomba ni kumtega ndugu yako.

Sare nazo ni hivyo hivyo. Kuvaa hadharani sare usiyo na haki nayo ni kosa. Kama hadithi inataka askari, shoneni sare isiyofanana na ya jeshi wala ya polisi, au ombeni ruhusa ya maandishi inayotaja sare. Kwa vyovyote, zivaliwe ndani ya parsele (kiwanja) ya kazi na kuvuliwa hapo hapo. Mwigizaji asitoke na sare kwenda kununua maji.

Barua ziende kwa meya, kwa burgumesta, mkuu wa komini mtakayofanyia kazi, kwa kamanda wa polisi, na kwa divisheni ya jimbo inayohusika na utamaduni na sanaa. Ndani ya barua wekeni:

- jina la filamu na la mtayarishaji, pamoja na namba za simu;
- komini, kartie na avenyi (barabara), tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza;
- idadi ya bunduki bandia, na picha ya kila moja ikionyesha namba yake;
- idadi ya sare, kama zipo;
- jina la msimamizi wa silaha;
- sentensi moja iliyo wazi: hakuna silaha ya kweli wala risasi ya aina yoyote itakayotumika.

Msiondoke ofisini bila nakala yenu kugongwa muhuri wa mapokezi pamoja na tarehe. Barua isiyo na muhuri huo, siku ya shida, ni karatasi tu.

Onyo: barua iliyo mezani kwa kamanda haimfikii askari wa doria. Ombeni komisaria iwape polisi mmoja wa kukaa nanyi. Atawazungumzia wenzake wakipita. Silaha yake ibaki mwilini mwake, nje ya uwanja wa filamu, na asiulizwe hata kwa mzaha kama mwigizaji anaweza kuishika.

Mmefaulu ikiwa asubuhi ya kazi mnampigia kamanda simu naye anajua mko wapi na mnafanya nini.

Hatua ya 4: Waambieni majirani

Lubumbashi ni mji unaokumbuka. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Mai-Mai Bakata Katanga waliingia hadi katikati ya mji, na watu walikufa. Mama anayeona vijana watano wanakimbia na bunduki kwenye avenyi hawezi kujua ni maigizo. Anakusanya watoto na kukimbia, au anapiga simu, au vijana wa mtaa wanatoka na mawe.

Siku mbili kabla, mwendeeni shefu wa kartie, halafu nyumba kwa nyumba pande zote za barabara. Msisahau shule na makanisa ya karibu. Siku yenyewe, kila mwanzo wa njia usimamiwe na mtu mwenye kizibao, na kibao kikubwa kwa Kiswahili na Kifaransa: hapa tunapiga filamu, bunduki si za kweli. Kabla ya kila tukio, tangazeni kwa kipaza sauti.

Watoto watakuja, hata mfanye nini. Watengeeni sehemu yao nyuma ya kamera, na mama mmoja wa mtaa awaangalie, alipwe kwa kazi hiyo. Ni pesa ndogo inayonunua utulivu wa siku nzima. Wanachotaka ni kuona. Wakikatazwa kabisa, watapita juu ya ukuta na kutokea ndani ya picha.

Hatua ya 5: Sanduku na daftari

Kila bunduki bandia inaingia sandukuni na kutoka kwa maandishi. Mstari mmoja unatosha: namba ya bunduki, saa ya kutoka, jina la aliyepewa, sahihi, saa ya kurudi, sahihi. Bunduki hailali chini, haiachwi juu ya kiti, haipigwi nayo picha za simu za kuweka Facebook.

Kwa nini usumbufu wote huu kwa kipande cha mbao? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, kitu kinachofanana na bunduki kikitoka nje ya uwanja kinaweza kutumiwa kuiba, na namba yenu iko juu yake. Ya pili ni nzito zaidi: pale mbao na vyuma vinapochanganyika bila hesabu, siku moja mtu ataleta cha kweli na hakuna atakayegundua.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa asubuhi, mbele ya wote

Msimamizi anafungua sanduku watu wote wakiwa wamesimama. Anachukua bunduki namba moja, anaigeuza, anaonyesha kwamba mtutu umezibwa, kama ni ya mpira anaipinda. Anasema kwa sauti: "Namba moja, mbao, haifyatui." Mwigizaji atakayeishika anaipokea, anaikagua mwenyewe kwa vidole vyake, na kurudia maneno hayo hayo. Kisha namba mbili.

Mwigizaji asipokee neno la mtu badala ya macho yake. Kwenye Rust, msaidizi wa mwongozaji, David Halls, alitangaza kwamba bastola ni salama. Baadaye alikiri kwamba hakukagua risasi zote zilizokuwa ndani. Wapelelezi walikuta risasi za kweli sita kwenye uwanja ule, zimechanganyika na zile za maonyesho, zinazofanana na za kweli lakini hazilipuki. Tangazo lilipita kutoka mdomo hadi mdomo, na kila mmoja alidhani mwenzake ametazama.

Fanyeni ukaguzi huu upya baada ya chakula cha mchana, na kila bunduki inaporudi kutoka mahali ambapo msimamizi hakuiona.

Mmefaulu ikiwa mwigizaji anachukizwa kidogo na marudio hayo lakini anayafanya.

Hatua ya 7: Kupiga tukio

Mtutu haumlengi mtu, hata ukiwa wa mbao. Ukilizoeza kundi kulenga watu kwa mbao, siku watakaposhika chuma watalenga vilevile. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi mwongozaji atoe ishara.

Kwenye picha, hila ni rahisi. Wekeni kamera upande, tumieni lenzi ndefu, na mwigizaji alenge hatua moja kushoto au kulia kwa mwenzake. Lenzi ndefu inabana umbali, na mtazamaji ataapa kwamba bunduki imeelekea kifuani. Mkitaka mtutu uitazame kamera moja kwa moja, kamera isimame juu ya miguu yake mitatu na watu wote watoke nyuma yake. Hutchins na Souza walikuwa upande wa kamera, mbele ya mtutu, wakitafuta pembe nzuri ya picha.

Mshtuko wa bunduki ni kazi ya mwili. Mwigizaji asukume bega nyuma kidogo na kwa haraka, macho yapepese, halafu arudi kulenga. Kosa la kawaida ni kurusha mikono juu kama anayeungua. Rudieni polepole, kisha kwa kasi, msaidizi akipiga makofi kila risasi "inapotoka" ili aliye mbele aanguke kwa wakati.

Onyo: msiweke fataki wala baruti ya aina yoyote ndani ya bomba ili lipate moshi. Bomba lililochomelewa vibaya linapasuka mkononi. Kwa damu, tengenezeni sharubati nzito ya sukari yenye rangi ya chakula, wekeni ndani ya mfuko mwembamba chini ya shati, na mwigizaji aupasue kwa mkono.

Hatua ya 8: Moto na mlio, mezani kwenye kompyuta

Kazi hii inaonekana ngumu kwa asiyewahi kuigusa. Si ngumu. Picha zikiwa 25 kwa sekunde, moto wa mtutu unaonekana kwenye picha moja, mara chache mbili. Ukiuacha kwa picha tano, mtazamaji anaona mshumaa.

Tafuteni picha ya moto huo kwenye maktaba za bure, iwekeni kwenye ncha ya mtutu kwa namna ya kuongeza mwanga, na kila risasi ipewe umbo tofauti: igeuzeni, ikuzeni, ipunguzeni. Umbo lile lile likirudiwa mara tatu, jicho linagundua.

Kinachodanganya jicho zaidi ni mwanga juu ya vitu vya jirani. Usiku, wakati wa kupiga tukio, msaidizi ashike taa ndogo ya LED nje ya picha na kuiwasha na kuizima kwa kila risasi, ikigonga uso na mkono wa mwigizaji. Mchana, ongezeni mwanga kidogo kwenye picha ile ile moja.

Mlio uwekwe kulingana na mahali. Kati ya kuta za parsele ni mfupi na mkali, na unarudi haraka. Kwenye uwanda wa nje ya mji, upande wa migodi, unakimbia mbali na kurudi umechelewa. Mlio mmoja mliouzoea kwenye filamu za nje, ukiwekwa kila mahali, unaharibu kazi nzuri ya kamera.

Mmefaulu ikiwa mtu ambaye hakuwapo anauliza mlipata wapi ruhusa ya kufyatua.

Hatua ya 9: Kufunga siku

Hesabuni bunduki, linganisheni na daftari, msimamizi na mtayarishaji watie sahihi. Sare zikunjwe na kuhesabiwa. Utepe uondolewe, shefu wa kartie aambiwe, kamanda apigiwe simu kwamba mmemaliza.

Mtu akija na bunduki ya kweli, au na risasi baridi

Wakati mwingine anayekuja ni mtayarishaji kutoka nje, mwenye pesa na haraka. Atasema risasi baridi haina kichwa, kwa hiyo haiui. Si kweli. Ina kiwashio, ina baruti, na mara nyingi ina kizibo cha karatasi au plastiki. Vyote hivyo vinatoka mtutuni kwa nguvu na moto. Oktoba 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum aliielekeza bastola yenye risasi baridi kwenye panja lake kwa mzaha na kufyatua. Alikufa siku sita baadaye.

Na tarehe 31 Machi 1993, mjini Wilmington, Brandon Lee aliuawa na mnyororo wa uzembe: kichwa cha risasi ya maonyesho kilikuwa kimenasa ndani ya mtutu bila mtu kujua, kisha risasi baridi ikakisukuma nje. Hakuna aliyekuwa amepakia risasi ya kweli.

Shauri langu kwa kundi lolote la hapa ni kukataa. Ikiwa kazi si yenu na mmeajiriwa tu, ulizeni kabla ya kusaini: mtaalamu wa silaha ni nani na amefanya kazi hii wapi, hati za serikali ziko wapi, nani atamulika ndani ya mtutu kwa taa kabla ya kila tukio, kila risasi itaonyeshwa moja moja mbele yenu, masikio yatakingwa na nini. Mkinyimwa jibu moja, ondokeni. Kwenye Rust bunduki zilikuwa zimelia kwa bahati mbaya siku chache kabla ya kifo, na asubuhi ile ile baadhi ya watu wa kamera waliondoka wakilalamikia hali ya kazi. Wenzao walibaki.

Likitokea jeraha: nani atajibu

Kwanza maisha. Filimbi, kazi isimame, bandeji ikandamizwe kwa nguvu juu ya jeraha, gari lielekee hospitali ya Sendwe au nyingine kubwa iliyo karibu zaidi. Mtu mmoja apige simu mbele ili wajiandae. Bunduki, nguo na kamera visiguswe, na picha zilizopigwa zisifutwe. Kufuta ni kujitafutia kosa la pili.

Kisha sheria. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kitabu cha pili, vifungu vya 52 hadi 54, inamshika anayesababisha kifo au jeraha kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari, hata kama hakuwa na nia mbaya. Kwa kifo, ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, pamoja na faini. "Sikujua kama ina risasi" ndiyo hasa maelezo ya kosa lenyewe, haiwi kinga.

Fidia ni jambo lingine. Kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia, vifungu vya 258 hadi 260, kinamlazimisha aliyeleta hasara kwa kosa au uzembe wake kuilipa, na kinaweza kumfikia mtayarishaji kwa ajili ya watu na vitu vilivyo chini yake. Makubaliano na familia ya marehemu ni wajibu wa kibinadamu, yafanyeni kwa heshima, lakini hayamfungi mikono mwendesha mashtaka.

Tazameni jinsi lawama ilivyogawanywa New Mexico. Gutierrez-Reed alihukumiwa miezi 18 gerezani, Aprili 2024. Halls alikubali adhabu ya miezi sita ya uangalizi nje ya gereza, mwaka 2023. Kesi ya Baldwin ilifutwa tarehe 12 Julai 2024, si kwa sababu mahakama ilimwona hana kosa, bali kwa sababu upande wa mashtaka ulificha ushahidi unaohusu risasi. Kampuni ilitozwa faini ya dola 136,793 na ofisi ya usalama kazini, ikaishia kulipa 100,000. Aliyeshika, aliyetangaza, aliyesimamia na aliyelipa mishahara, kila mmoja aliitwa kwa jina lake.

Mtafuteni wakili kabla ya kutoa maelezo marefu, lakini msijifiche. Pelekeni karatasi ya kumteua msimamizi, barua zenye muhuri, daftari lenye kurasa zake zote. Kwa hiyo daftari hilo lisitupwe filamu ikishatoka. Mtayarishaji alitunze pamoja na mikataba, na nakala iliyopigwa picha ikae kwa msimamizi wa silaha, kwenye simu yake na mahali pengine zaidi ya simu.